Mikono Iliyovushwa

Serikali haikututupa. Nalisema hilo mwanzo, tena kwa sauti, nisije nikaitwa mtovu wa fadhila. Kiwanda cha magunia cha Mkomba kilipofungwa, serikali ilikuja na turubai, viti vya plastiki, maji ya chupa na Mfuko. Jina lake kamili lilikuwa Mfuko wa Umma wa Kuwavusha Wafanyakazi Walioathiriwa na Soko Huria. Sisi tuliuita Kivuko, kwa sababu mtu hawezi kulia na kutamka yote hayo kwa wakati mmoja.

Kilichotuua kilitoka mbali. Huko ng'ambo waligundua namna ya kuotesha magunia ndani ya matangi, gunia likatoka zima, limeshonwa, halina hata uzi unaoning'inia. Baada ya Mkataba wa Soko Moja kuanza kazi, magunia hayo yakashushwa bandarini Tanga kwa bei ya chini kuliko katani yetu kabla haijasokotwa. Wakulima wa korosho wakayanunua, nani angewalaumu? Sisi tukaendelea kufuma kwa hasira miezi kadhaa, kana kwamba gunia la watu linaweza kuona haya likarudi lilikotoka. Kisha mashine zikazimwa. Wengi wetu hatukulala vizuri wiki ile kwa sababu ya kimya.

Kelele za ukumbi wa kufumia hazielezeki kwa mtu wa ofisini. Ungeweza kumpigia mwenzako kelele ndani ya sikio asisikie. Kwa hiyo tangu enzi za bibi zetu, watu wa Mkomba walizungumza kwa mikono, na lugha hiyo tuliiita Kimashine. Haikuwa ishara za "njoo" na "simama" tu. Kwa Kimashine tuliomba uzi, tukaonyana kuhusu msimamizi, tukasutana, tukapeana habari za misiba na za ndoa zinazoyumba. Mume wangu, Kilua Mhando, alinitongoza kwa Kimashine kutoka upande wa pili wa ukumbi, saa za kazi, na safu nzima ya wanawake ikamjibu kwa niaba yangu kabla sijainua hata kidole.

Kilua alikuwa fundi wa mashine, na mashine zilichukua masikio yake kidogokidogo hadi zikayamaliza. Sauti alikuwa nayo, ila hakuiamini tena. Siku moja sokoni Korogwe aliuliza bei ya nyanya, sauti ikatoka kubwa mno, watu wakageuka wakacheka. Tangu siku hiyo aliifunga. Nyumbani kwetu, katika kota za kiwanda, kulikuwa na Kimashine tu. Usituonee huruma. Watu wawili wanaoweza kuteta majirani mbele ya majirani wenyewe hawahitaji huruma ya mtu.

*

Afisa wa Mfuko aliitwa Anyelwisye Mwakilasa, kijana wa Mbeya, mpole, mwenye suruali fupi kidogo. Alitandika vifaa vyake ndani ya bwalo tulilokuwa tukilia chakula cha mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ndilo hilo birika lenu?"

Ndilo lilikuwa. Birika la chuma lenye kioo upande wa mbele, limejaa maji mazito kama uji wa muhogo ila maangavu, lina matundu mawili ya kuingizia mikono hadi viwikoni, na pete ya kuvaa shingoni. Anyelwisye alitueleza kwa subira. Ufundi wa mtu, alisema, haukai vidoleni, unakaa katika njia ambazo ubongo umezichonga kwa kurudia jambo moja miaka na miaka. Pete husoma njia hizo. Siku ya kwanza birika hupima yale mikono inayoyajua. Baadaye, kwa wiki mbili, huweka ujuzi mpya uliochotwa kwa watu wengine waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Huna haja ya kwenda chuoni na wajukuu zako. Unaingia mfumaji, unatoka kitu kingine.

"Kitu gani?" aliuliza Mamboza, jirani yangu.

"Mikono ya mbali."

Huko kwenye nchi za baridi, akasema, wazee ni wengi kuliko watu wa kuwatunza. Kila nyumba ina mashine yenye mikono, lakini haina akili ya kujua namna ya kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza. Kwa hiyo mtu atakaa Korogwe, atavaa kifaa cha sikioni na glavu, atainua kijiko kisichokuwepo, na huko kijiko cha kweli kitainuka.

Nikauliza kama wao ndio walewale waliotuletea magunia. Anyelwisye akakohoa, akasema mambo ya biashara ni mapana.

Basi tukapimwa. "Ionyesheni mashine kila kitu ambacho mikono yenu inakijua kuhusu kazi ya Mkomba," alituambia. Na sisi tulikuwa watu tuliopandishwa na kushushwa vyeo kwa wepesi wa vidole tangu ujana wetu. Kila mmoja aliamini kwamba mwenye kuonyesha mengi ndiye atakayepangiwa pazuri. Tukaonyesha kuunga uzi, kukagua ukingo, kunusuru kitambaa mashine inapokikwamisha. Na tukaonyesha Kimashine chote. Nani angekitenga? Mkomba hawakumwajiri mtu asiyekijua. Kwetu sisi kufuma na kusema vilikuwa kazi moja.

Mimi nilizidisha. Kilua alikuwa amesimama nje ya dirisha la bwalo akinitazama, na mikono yangu imo ndani ya maji, maji yenyewe yanaonyesha kila kitu. Nikamwambia Kilua kwamba afisa wetu anafanana na mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kilua akacheka hadi akashika nondo za dirisha. Nikaendelea, nikamsimulia habari ya suruali, nikaenda hadi kwa mkwe wa Mamboza. Taa za birika zikawaka kijani mstari mzima.

"Mama," alisema Anyelwisye kwa heshima ya kweli, "una mikono tajiri sana."

Nikavimba kichwa. Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi.

Kilua alipoingia yeye, hawakumfikisha hata kwenye maji. Kazi ya mikono ya mbali inahitaji kusikia. Anyelwisye alitafuta neno zuri, akalikosa, akatumia lile walilopewa: mzee hafundishiki. Na kota zetu zilikuwa zimeuzwa tayari kwa mwekezaji wa maghala. Atakayeruhusiwa kubaki ni mnufaika wa Mfuko pamoja na watu wa nyumbani kwake. Wengine watoke kabla ya masika. Kwa hiyo paa letu lilikuwa juu ya mikono yangu mimi, na mtu mzima wa miaka yetu akitolewa katika nyumba aliyozeekea, hata adui yake hacheki.

*

Mamboza alikuwa wa kwanza kuvushwa. Walimtoa kwenye bwalo kwa vigelegele, mkuu wa wilaya akahutubia, watu wakanywa soda. Akatuonyesha kazi mpya kwa mto wa kitanda: akaugeuza, akauinua, akauegemeza, na kwa kweli ulikuwa ujuzi. Hata mimi nilipiga makofi.

Kilua akamsalimu kwa Kimashine kutoka ng'ambo ya ua kama alivyomsalimu kila asubuhi tangu Mamboza alipokuwa msichana. Mamboza akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayefukuza nzi. Kilua akarudia, polepole. Mamboza akatabasamu lile tabasamu la kumpa mgeni, akamwendea, na mkono wake ukainuka wenyewe ukamfuta mume wangu kidevu kwa kidole gumba, kwa upole kabisa, kama mtu anayefuta mate ya mzee aliyepoteza fahamu.

Watu wakacheka. Mamboza naye akacheka, kisha akautazama mkono wake, akauweka mfukoni mwa gauni.

Kilua hakucheka.

*

"Mmemfanya nini Mamboza?" nilimuuliza Anyelwisye. Nilimkuta bwaloni anakula mihogo niliyompikia mwenyewe, kwani siku zile nilikuwa bado nampikia.

"Amevuka salama, mama."

"Hajui Kimashine."

Akaweka uma chini. Nadhani alikuwa akilingoja swali hilo, na nadhani alitumaini litaulizwa kwa mtu mwingine.

"Mikono ya mtu mzima imejaa, mama. Ni kama kabati. Ukitaka kuweka nguo mpya, utoe za zamani. Tukiziacha, mtu atakuwa anamlisha mzee wa watu, ghafla mkono unaanza kuunga uzi. Imewahi kutokea. Mzee alipaliwa. Kwa hiyo kile kilichopimwa kama kazi ya zamani, kinaondolewa."

"Kimashine si kazi. Ni maneno."

"Mashine haikujua. Mliionyesha kama kazi."

"Wewe hukutuambia tutenge!"

"Mimi sikujua kama kuna cha kutenga." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na ilikuwa kweli, ndiyo maana nilimchukia zaidi. "Nilidhani mlikuwa mnaonyesha namna ya kufuma."

Nikamuuliza kama mtu akishafutwa anaweza angalau kusoma ya mwenzake kwa macho. Akasema jicho husoma mikono ya mwingine kwa kuiuliza mikono ya mwenye jicho, kwa hiyo hapana. Nikamuuliza kama anaweza kujifunza upya. Akasema pete hukagua kila wiki, na mkono unaoanza kurudia ya zamani huondolewa kazini, kwa usalama wa wazee.

"Basi nipime upya. Nitafunga mdomo. Nitafunga mikono, sijui niseme nini, nitafuma tu kama bubu."

"Kupima upya kunahitaji bajeti mpya, mama Mashavu. Na idadi ya wanufaika isipotimia mwaka huu, fedha zote zinarudi Hazina. Hata za wenzako." Alikuwa hawezi kunitazama. "Mfuko unatoa kibao cha kuandikia kwa kila nyumba yenye mtu asiyesikia. Bure."

"Bure," nilisema.

Nikachukua sahani yangu ikiwa na mihogo yake nusu, nikaondoka nayo.

*

Jioni hiyo nikawaambia watu wote pale bombani, maana niliona kunyamaza ni kuwauza. Nikaeleza kila kitu. Wakanisikiliza vizuri. Kisha fundi Singano, mtu niliyemheshimu, akauliza: "Shemeji, hicho Kimashine chako tutakichemsha au tutakikaanga?"

Hawakuwa wabaya. Ukumbi ulikuwa umezimwa, wao waume zao na wake zao wanasikia, lugha ya kelele ya nini tena? Mmoja baada ya mwingine wakaingia birikani. Walipotoka walinisalimia kwa midomo, kwa sauti nzuri kabisa, na Kilua wakampungia.

Wale wengine wachache walioitwa wasiofundishika kama Kilua hawakuwa na mtu wa kuwabakishia nyumba. Mmoja akachukuliwa na wanawe Lushoto, mwingine akarudi kwao Pangani. Nikabaki mimi na mume wangu, na zamu yangu ikapangwa.

Nilitaka kumwambia Kilua polepole, kwa maneno ya kuchagua. Nilimkuta uani anatengeneza kiti. Kabla sijaanza, akaniambia: "Nenda."

"Unajua ninachotaka kusema?"

"Nilifutwa kidevu, Mashavu. Sikufutwa macho. Nenda."

Nilitegemea akatae. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, kumshinda kwa hoja, kulia kidogo, halafu tuamue pamoja. Yeye akalimaliza kama anavyokaza skrubu.

"Hukufikiri hata kidogo?"

"Nimefikiri. Hatuwezi kuezeka nyumba kwa Kimashine."

"Kwa hiyo kunikosa mimi ni sawa na bati?"

"Nani amesema nitakukosa? Utakuwepo. Utakuwa unakula hapa, unalala hapa."

"Kama nani?"

Akatupa nyundo. Akaniambia jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo sijui kama nimemsamehe. Akasema: "Ungetulia tu siku ile. Ungefuma ukanyamaza kama mtu mwingine yeyote. Lakini wewe ukiona dirisha lina mtu, lazima ucheze."

"Na dirishani nani alikuwa anacheka?"

Hapo tukafunguliana magunia yote. Tuligombana siku zilizobaki. Mtu mwenye busara angedhani tungezitumia kuambiana mazuri. Hatukuweza. Tulikuwa tunaogopa, na watu wanaoogopa hutafuta kosa la kushika. Tulirudi hadi kwenye ugomvi wa harusi ya mdogo wake, hadi kwenye mimba iliyoharibika na nani alichelewa kutafuta gari. Tuligombana kwenye kula, tukagombana kwenye kufua, mikono ina povu. Sasa ninajua kwamba sikuwahi kuzungumza naye sana kama siku zile.

Kuna jambo moja katika Kimashine ambalo lilikuwa baya kuliko tusi lolote: kumpa mwenzako mgongo. Aliyepewa mgongo hana pa kusemea. Katika ukumbi mtu angeweza kufukuzwa na wenzake kwa kufanya hivyo.

Asubuhi ya kuvushwa Kilua alinisindikiza hadi mlango wa bwalo. Amevaa shati la sikukuu. Anyelwisye alikuwa ananingoja ndani. Kilua akaanza kusema kitu, na mimi nikajua ni msamaha au ni ugomvi, na sikutaka chochote kati ya hivyo viwili. Nikampa mgongo. Nilipokuwa navuka kizingiti, kwa pembe ya jicho, niliona mikono yake ikimaliza kusema. Sikuyapokea. Niliingia.

*

Hakuna maumivu. Wanaosema birika linauma ni waongo. Ni vuguvugu, unasinzia, unaamka una njaa.

Huenda umeona kwamba nimekupa maneno ya mume wangu tangu mwanzo wa habari hii, na sijakuonyesha hata mara moja mikono yake ilikwendaje. Sina. Yale niliyoyaelewa yalibaki kama maana, mwendo wake ukaondoka. Nakumbuka alinitongoza, nakumbuka alisema nini, na nikijaribu kuiona mikono yake naona ukungu. Anyelwisye aliniambia ni kawaida, kabla hajahamishiwa wilaya nyingine yenye kiwanda kingine kilichofungwa.

Kota yetu ipo. Paa lipo. Ninafanya kazi kwenye bwalo lilelile, na mzee wangu ni mama mmoja mwenye nywele nyeupe, wa mji ambao siwezi kuutamka. Namwogesha, namchana, namlisha supu. Kifaa cha sikioni kinanitafsiria. Anasema hajawahi kupata mikono yenye upendo kama hii. Nashindwa kumwambia si yangu, sijui ni ya nani, kuna mtu mahali fulani ambaye ilichotwa kwake. Kilua anakaa barazani, anajua lugha ambayo hakuna mtu mwingine aliye karibu anayeijua. Mwanzoni alikuwa akiizungumza hata hivyo, nami nikawa natikisa kichwa kama mjinga. Siku hizi mikono yake ameiweka mapajani.

Lakini kuna jambo moja birika halikulichukua. Lile la mlangoni nililiona kwa pembe ya jicho tu, sikujipa nafasi ya kulielewa, kwa hiyo halikuwa maana, na lisilokuwa maana hawakuwa na namna ya kulitenga. Nimebaki na mwendo wake mtupu. Mkono wa kulia ulipanda hadi kifuani, ukafunguka, ukashuka mara mbili. Wa kushoto ulikuwa umetulia chini yake. Naliona kila siku, wazi kabisa, kama barua mkononi mwa mtu asiyejua kusoma.

Nilijizoeza mbele ya kioo, kwa siri, nikiogopa pete ya Ijumaa. Mikono yangu mipya haikupenda. Ilitaka kushuka kama inayomfunika mtu shuka. Nikaikaza. Nikamuuliza Mamboza, akanisikitikia. Nikamuuliza Singano, akasema, "Shemeji, achana nayo." Mtu wa kuulizwa alikuwa mmoja tu.

Nikamwendea barazani baada ya chakula cha mchana. Nikasimama mbele yake, nikaufanya ule mwendo wote, polepole, kulia na kushoto, mara mbili chini. Kisha nikanyoosha mikono kumwonyesha kwamba nauliza.

Alinitazama muda mrefu. Aliuelewa. Hakuna mtu atakayeniambia hakuuelewa, nimeishi na uso ule. Midomo yake ilitikisika, macho yakajaa, na nikafikiri, sasa ataongea, hata kwa sauti ile mbaya, Korogwe yote isikie, mimi sijali.

Akachukua kibao cha Mfuko, akaandika kwa herufi zake kubwa za kifundi: SIKUMBUKI.

Nikamsihi. Nikamshika magoti. Nikamwambia kwa mdomo, nikitamka kila neno aweze kulisoma, kwamba hata kama lilikuwa tusi nalitaka, ni langu. Alinisoma hadi mwisho. Sijui kama alininyima kwa huruma au alinirudishia mgongo wangu, na najua nitakufa bila kujua.

Akafuta kibao kwa kiganja. Akaandika tena, safari hii upesi, bila kuniangalia: ZAMU YAKO IMEFIKA.

Nikajifuta uso, nikaenda kumlisha yule mama.